Meno ya Ukubwani Yana Historia ya Utotoni

  Leo tunazungumza juu ya meno, lakini usikimbilie kufungua ukurasa mwingine ukidhani nitakuhimiza tena upige mswaki. Hilo unalijua. Leo nataka tutazame historia, kwa sababu kuna swali niliulizwa kazini ambalo haliwezi kujibiwa bila historia.

Mama mmoja alikuja kituoni kwetu kumleta mtoto wake wa mwisho kupata chanjo ya surua. Mtoto alikuwa na miezi 9 na meno mawili ya chini yalikuwa yameshachomoza. Mama mwenyewe alikuwa mtu wa kazi ya mshahara, amevaa vizuri, ameongea nasi kwa heshima. Lakini kila alipocheka alikuwa akiinua mkono na kufunika mdomo. Nilipomwuliza kama anayasafisha yale meno mawili ya mtoto, akaniambia kwa sauti ya chini, "Sista, mimi mwenyewe nimeng'olewa manne, na mengine mawili yametoboka. Tangu nianze kazi napiga mswaki asubuhi na usiku, sikosi. Wenzangu ofisini hawana shida hii. Mimi nina kasoro gani?"

Nikamwuliza alikulia wapi, na wazazi wake walikuwa wakifanya kazi gani. Akashangaa. "Hiyo nayo inahusiana vipi na meno?"

Inahusiana sana. Na kabla sijaeleza, niseme kwamba hata mimi nina pengo. Liko chini, upande wa kulia, nyuma. Nilikulia katika sehemu za miwa huku magharibi mwa Kenya, ambako watoto tulikuwa tukifuata trekta za miwa njiani, tukichomoa muwa na kuutafuna mpaka nyumbani. Nilipokuwa darasa la tano gego moja lilianza kuuma. Mama alitazama akasema ni jino la utotoni, litang'oka lenyewe. Tulitia karafuu, tukasukutua kwa maji ya chumvi, maumivu yakaenda yakarudi. Hospitali ilikuwa mbali na nauli ilikuwa ya kutafutwa. Siku tuliyofika, shavu lilikuwa limevimba, na kazi iliyobaki ilikuwa ya koleo tu.

Jino lile halikuwa la utotoni. Mzazi mwenzangu, hapa naomba unisikilize vizuri. Mtoto anapofika karibu miaka 6, huota magego manne mapya nyuma kabisa ya meno ya utotoni, mawili juu na mawili chini. Hakuna jino linalong'oka kuyapisha. Yanatokea kimya kimya, na kwa sababu meno ya mbele ndiyo yanayolegea wakati huo, wazazi wengi hudhani kinywa chote bado ni cha utotoni. Kumbe yale manne ndiyo magego ya kudumu ya kwanza, na yakienda hayarudi. Nilikuja kuyajua haya nikiwa chuoni nasomea uuguzi, zaidi ya miaka kumi baada ya langu kutupwa. Mama yangu hakuwa mzembe. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia.

Sasa tuingie katika historia yenyewe. Zamani za kale meno mabovu hayakuwa alama ya umaskini. Yalikuwa alama ya utajiri! Mwaka 1598 msafiri mmoja Mjerumani, Paul Hentzner, alimwona Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, akaandika kwamba meno yake yalikuwa meusi, na akahisi kuwa sababu ni Waingereza kupenda sukari kupita kiasi. Siku hizo sukari ilikuwa kitu cha bei kubwa, kitu cha ikulu na meza za mabwana. Mkulima wa Kiingereza alikula mkate mgumu na uji, na hakuwa na hela za kuyaharibu meno yake kwa utamu.

Mambo yaligeuka kadiri sukari ilivyozidi kuingia kutoka mashamba ya visiwa vya Karibiani, mashamba yaliyolimwa kwa jasho la watumwa waliotolewa Afrika. Bei ikashuka kidogo kidogo. Mwaka 1874 serikali ya Uingereza iliondoa kabisa ushuru wa sukari. Chai yenye sukari na mkate wenye jemu vikawa chakula cha familia za wafanyakazi wa viwandani, kwa sababu vilishibisha kwa bei ndogo na havikuhitaji kuni nyingi wala muda wa kupika. Katika muda wa vizazi vichache ugonjwa wa malkia ukawa ugonjwa wa mtoto wa kibarua.

Wakubwa walikuja kuligundua hilo vitani. Katika Vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, mwaka 1899 hadi 1902, vijana wengi wa Kiingereza waliojitokeza kujiandikisha jeshini walikataliwa kwa afya mbaya, na meno yalikuwa mojawapo ya sababu. Biskuti za jeshi zilikuwa ngumu, na askari asiyeweza kutafuna hawezi kupigana. Mwaka 1904 kamati ya serikali ilitoa ripoti juu ya udhaifu wa miili ya watu. Mwaka 1907 ikapitishwa sheria ya kuwapima watoto afya mashuleni, na mwaka huohuo kliniki ya meno ya watoto wa shule ikafunguliwa mjini Cambridge. Angalia basi: walipotaka kujua kwa nini mtu wa miaka 20 hana meno, walilazimika kurudi nyuma wakamtazama mtoto wa miaka 6. Inasikitisha kwamba ilihitajika vita ili mtoto wa maskini afunguliwe mdomo na kutazamwa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na kwetu? Sisi tulifuata njia hiyohiyo, ila kwa haraka zaidi. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilianza mwaka 1922, Ramisi huko pwani mwaka 1927. Baada ya uhuru ikaja Muhoroni mwaka 1966, Chemelil mwaka 1968, Mumias mwaka 1973, Nzoia mwaka 1978 na Sony mwaka 1979. Simlaumu mkulima wa miwa, maana karo yangu ililipwa na miwa. Ninachosema ni kwamba bibi zetu walikua bila sukari ya dukani, na sisi tulikua na kikombe cha chai chenye vijiko vitatu, halafu peremende ya kurudishiwa chenji. Lakini daktari wa meno hakuja kwa kasi ya sukari. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974, na mpaka leo wengi wao wako mijini. Sukari inafika kila kibanda cha kijijini, hata pale barabara isipofika.

Tusafiri sasa kwenda mbali kidogo, nchi ya Nyuzilandi, kwa sababu huko ndiko swali la yule mama lilikojibiwa vizuri kuliko mahali pengine popote ninapopajua.

Watu wa Nyuzilandi nao walishtuliwa na meno ya askari wao, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Aliyekuwa mkuu wa kikosi cha madaktari wa meno jeshini, Thomas Hunter, aliona kwamba madaktari hawatatosha kamwe kuwafikia watoto wote. Akapendekeza jambo lililowaudhi baadhi ya madaktari wenzake: wafundishwe wasichana kwa miaka miwili, wajue kuziba meno, kung'oa ya utotoni na kufundisha usafi, kisha wapelekwe mashuleni. Mafunzo yalianza mjini Wellington mwaka 1921, na wa kwanza walihitimu mwaka 1923. Waliitwa wauguzi wa meno. Mimi kama muuguzi nafurahi kila ninapoisoma habari hii! Wasichana wale walikuwa wakichimba meno kwa mashine ya kukanyagwa kwa mguu, kama cherehani ya fundi. Kazi ilikuwa nzuri lakini ilikuwa na uchungu wake, na watoto wakakibandika kile kijumba cha kliniki shuleni jina la "nyumba ya mauaji". Nawaelewa. Mtoto aliyeumizwa na koleo huwa na kumbukumbu ndefu.

Kwa hiyo Nyuzilandi ikawa nchi ambayo mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini wote walitazamwa meno bure. Ungetarajia basi kwamba wakikua watakuwa na vinywa sawa. Hapo ndipo mji wa Dunedin unapoingia.

Dunedin ni mji ulio kusini mwa nchi hiyo, kunakovuma baridi. Watafiti waliwachukua watoto waliozaliwa katika hospitali moja ya uzazi ya mji huo kati ya Aprili 1972 na Machi 1973. Walipofika umri wa miaka 3, watoto 1,037 waliandikishwa, wa kila hali: wa mawakili, wa makarani, wa madereva, wa vibarua. Tangu hapo wameitwa na kupimwa tena na tena, kila baada ya miaka michache, na walipofikisha miaka 45 walikuwa bado wanaitwa. Aliyehamia nchi nyingine hulipiwa nauli arudi kupimwa. Si kila mara walitazamwa meno, lakini walitazamwa wakiwa wadogo, na wakatazamwa tena wakiwa watu wazima. Mimi ninayehangaika kumpata mama arudi kwa sindano ya pili baada ya wiki nne, nawavulia kofia. Walipofika miaka 26, kati ya 1,019 waliokuwa hai walikuja 980.

Kumbukumbu za kazi za wazazi wao zilikuwepo tangu walipozaliwa hadi walipofika miaka 15. Watafiti, wakiongozwa na Richie Poulton, wakazilinganisha na afya yao ya miaka 26, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Kwa wale waliokulia katika nyumba za hali ya chini, 31.1 kwa kila 100 walikuwa na ugonjwa wa fizi. Kwa wale waliokulia katika nyumba za hali ya juu walikuwa 11.9. Upande wa meno kuoza, hesabu ilikuwa 32.2 kwa 9.9. Hiyo ni karibu mara tatu, katika nchi yenye kliniki ya bure shuleni.

Huenda unawaza, "Sawa, maskini alibaki maskini, ndiyo maana meno yakabaki mabaya." Watafiti nao waliliwazia hilo. Walitazama kazi za watoto wale wenyewe walipokuwa wakubwa. Wapo waliotoka nyumba ya kibarua wakapanda, wakapata elimu na mishahara mizuri. Na hapa ndipo nilipoweka chini karatasi nikawaza juu ya pengo langu. Kupanda ngazi hakukufuta athari ile. Mshahara wa miaka 26 haukuweza kurudi nyuma kulipa deni la miaka 5. Yule mama wa kituoni kwetu, mwenye kazi nzuri na mswaki mara mbili kwa siku, alikuwa akijilaumu kwa jambo ambalo kwa sehemu kubwa lilikwisha kuamuliwa kabla hajajua kusoma.

Kwa nini mambo huwa hivyo? Sehemu ya jibu iko katika jino lenyewe. Gamba la nje la jino, lile jeupe na gumu kushinda mfupa, hutengenezwa na chembe hai wakati jino lingali limefichwa ndani ya ufizi. Jino likishachomoza, chembe zile huwa zimekufa. Mfupa ukivunjika utaunga, na ngozi ikikatika itapona, lakini gamba la jino likishatoboka halioti tena maisha yako yote. Na gamba la yale magego ya miaka 6 huanza kutengenezwa karibu na wakati mtoto anapozaliwa. Njaa na magonjwa mazito ya utotoni yanaweza kuacha alama juu yake, mistari na vishimo, na gamba lililotengenezwa vibaya huoza upesi.

Kama unataka ushahidi wa macho, huna haja ya kwenda Nyuzilandi. Nenda Naivasha, Gilgil au Nakuru, katika Bonde la Ufa. Huko utawaona watu wenye meno ya rangi ya kahawia, na wageni hudhani hawapigi mswaki. Si kweli. Maji ya visima vingi vya huko yana madini ya floraidi kupita kiasi, kwa sababu ya miamba ya volkeno. Shirika la Afya Duniani linasema floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidisha wakati gamba la meno linatengenezwa, yaani mpaka karibu miaka 8, meno yake ya kudumu hutoka na madoa. Mtu mzima akihamia Nakuru leo na kuyanywa maji yaleyale, meno yake hayabadiliki rangi. Kwa hiyo ukiona tabasamu la kahawia, unaona kisima cha utotoni. Na kisima nacho ni suala la hali ya nyumbani: mwenye uwezo alivuna maji ya mvua kwa mabati na tangi, au alinunua maji yaliyochujwa, asiye na uwezo alichota yaliyokuwepo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianza kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na ni kazi ya maana. Jambo moja ulishike kama unaishi huko: kuchemsha maji kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi huzidi kukolea.

Floraidi hiyohiyo ikiwa kidogo, kama ile ya kwenye dawa ya meno, hulikinga jino lisioze. Ndiyo sababu hatuwezi kusema tu ni sumu tukaiacha. Tatizo ni kipimo.

Sehemu nyingine ya jibu ni sukari, na hasa mara ngapi kwa siku, kuliko kiasi gani. Jambo hili tulilijua kwa njia ya aibu. Kuanzia mwaka 1947 katika hospitali ya Vipeholm huko Uswidi, walikoishi watu wenye ulemavu wa akili, wagonjwa walipewa sukari kwa namna mbalimbali, wengine wakapewa tofi za kunata zilizotengenezwa makusudi, ili ionekane meno yataozaje. Yalioza vibaya. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, yakaonyesha kwamba utamu unaonata, ukiliwa kati ya mlo na mlo, ndio mbaya zaidi. Wale watu hawakuulizwa, na hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Maarifa haya tunayatumia kila siku, nami huona ni haki tukumbuke meno ya nani yaliyalipia.

Basi mtazame mtoto wa mama anayeuza mboga sokoni tangu alfajiri mpaka jioni. Ili mtoto anyamaze, anapewa mandazi, anapewa juala la juisi ya rangi, anapewa peremende. Kinywa hakipumziki hata saa moja. Mtoto wa mama aliyeajiri msaidizi wa nyumbani huenda anakula mara nne kwa utaratibu. Mama wa sokoni hakosi upendo kwa mwanawe, anakosa mikono. Hapo tena kuna vijidudu vya kuozesha meno, ambavyo mtoto hazaliwi navyo. Huvipata kwa walio karibu naye, mara nyingi mama, kwa kuonjeana kijiko kimoja au kutafuniwa chakula. Watafiti wa Dunedin walilirudia jambo hili pia. Waliangalia jinsi akina mama walivyokuwa wameeleza hali ya vinywa vyao watoto walipokuwa na miaka 5, wakayatazama meno ya watoto hao walipofika miaka 32. Mama aliyekuwa na meno mabaya, mwanawe naye alielekea kuwa na meno mabaya, miaka 27 baadaye. Kinywa cha mama anayeuma jino leo ni habari ya mtoto pia, kwa hiyo mama, usijiache mwisho kila mara.

Tena kuna hofu na mazoea. Nyumbani kwetu hospitali ya meno ilikuwa mahali pa kwenda ukishindwa kulala. Ukienda siku hiyo, hakuna kuziba tena, ni kung'oa. Mtoto anarudi na damu mdomoni akijua kwamba daktari wa meno ni mtu wa kuogopwa, na atakapokuwa mtu mzima mwenye bima ya matibabu, bado atangoja mpaka ashindwe kulala. Mimi mwenyewe ni muuguzi na nilikaa miaka sita nikifanya kazi jengo moja na chumba cha meno kabla sijakubali kuketi kwenye kile kiti.

Nikifika hapa kuna watu huniambia, "Sista, basi unasema tumekwisha kuhukumiwa." Hapana. Rudi kwenye hesabu. Kama 32 kwa kila 100 walikuwa na meno yaliyooza, 68 waliotoka nyumba zilezile hawakuwa hivyo. Watafiti haohao walionyesha baadaye kwamba waliozoea kwenda kwa daktari wa meno mara kwa mara, hata bila maumivu, walikuwa na vinywa bora walipofika miaka 32. Umaskini wa utotoni huacha deni, lakini deni linaweza kuzuiwa lisikue. Ninachokataa mimi ni ile tabia ya kumtazama mtu mwenye mapengo na kusema ni mchafu. Nimewasikia hata wahudumu wa afya wakisema hivyo mbele ya mgonjwa, naye mgonjwa akaondoka asirudi. Hujui alikunywa maji ya kisima gani. Hujui ni nani aliyekuwa akimshinda mama yake kwa njaa siku zile.

Na msomaji, kama wewe ni kiongozi wa kijiji, au uko katika kamati ya shule, habari ya wale wasichana wa Wellington inakuhusu zaidi kuliko mswaki. Walienda walikokuwa watoto. Tukingoja mtoto wa mashambani aje mjini kwa daktari, atakuja akiwa darasa la tano na shavu limevimba.

Nilimweleza yule mama yote haya, si kwa urefu huu, maana foleni ilikuwa nje. Alinyamaza. Baadaye akasema kwamba alikulia katika nyumba ya watoto wanane, baba akiwa kibarua shambani, na mswaki wa dukani wa kwanza alinunuliwa alipokuwa akienda bweni kidato cha kwanza. "Nilidhani ni mimi tu," akasema.

Tukamgeukia mtoto. Nilimwonyesha jinsi ya kumlaza mapajani, kichwa kwa mama, na kuuinua mdomo taratibu kwa kidole. Unatafuta mstari mweupe kama chokaa kwenye jino, karibu na ufizi, na hasa kwenye meno ya mbele ya juu yakishaota. Huo ndio mwanzo wa kuoza, na ukiuona mapema bado jino linaweza kuokolewa. Nilimwambia ayapanguse yale mawili kila usiku kwa kitambaa safi chenye maji, kisha atafute mswaki mdogo laini na kupaka dawa ya meno ya floraidi kidogo tu, kama punje ya mchele. Asimlaze na chupa ya chai ya sukari wala ya juisi. Na akifika miaka 6, atazame nyuma kabisa, awahesabu wale wageni wanne.

Alirudi mtoto alipotimiza mwaka na nusu, kwa chanjo ya pili ya surua. Meno ya juu yalikuwa yameota na hayakuwa na mstari mweupe. Alipokuwa akifunga leso ya mgongoni aliniuliza, bila kufunika mdomo, kama yale yake mawili yaliyotoboka bado yanaweza kuzibwa. Nikamwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa meno, na nikamtajia ni chumba kipi, kwa sababu sasa nakijua.

Kwetu kliniki ya watoto ni Jumanne na Alhamisi asubuhi. Ukimleta mtoto kwa mizani au kwa sindano, niambie nitazame na mdomo. Haichukui hata dakika 2.